Saa nane ni saa ngapi? Uzi wa maneno ya mwili, ukubwa na vipimo kutoka dirisha la dawa

Mtoa Dawa (mleta mada)

Wakuu, kwema? Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Leo Tanga mvua imeshuka tangu alfajiri, dukani hakuna mteja, ngoja niushushe. Ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mtoa dawa, mwaka wa 11 sasa niko nyuma ya dirisha. Nilipotoka chuoni dozi zote nilikuwa nazo kichwani, na Kiswahili sikukihesabu kabisa kama somo. Nani anajifunza lugha aliyonyonya nayo? Dirisha ndilo lililonionyesha kwamba maneno mepesi kuliko yote, kubwa, ndogo, moja, saa, tumbo, mguu, ndiyo yanayotupoteza. Neno gumu mgonjwa ataliuliza. Jepesi halina anayeliuliza.

Miezi michache nyuma alikuja mama kijana, mtoto mgongoni, kifua cha mtoto kinakoroma unakisikia kabla hajafika dirishani. Dawa ya maji alishapewa kwenye kituo kimoja, ilikuwa siku ya nne, na chupa bado imejaa. Nikamuuliza, "Mama, dawa unampa kweli?" Akakasirika kidogo. "Nampa, sijaruka hata siku moja. Kijiko kimoja kila saa nane." Nikaigeuza chupa. Imeandikwa kwa kalamu: Kijiko 1 kila saa 8. Na yeye kweli, kila ikifika saa 8 mchana, watoto wakubwa wakirudi shule, anamkalisha mdogo mapajani anampa kijiko chake. Kimoja kwa siku badala ya vitatu.

Sasa niambieni nani kakosea hapo. Aliyeandika kaandika Kiswahili. Aliyesoma kasoma Kiswahili.

Tangu siku ile mimi nasema "kila masaa manane". Najua humu kuna walimu na nitachapwa. Darasani tuliambiwa saa ni saa, haina masaa. Lakini mteja akisikia "masaa" anajua naongelea muda, akisikia "saa" anatazama saa yake. Hilo kosa linanifanyia kazi ambayo usahihi haujanifanyia.

Halafu kuna ile 1x3. Sisi tunaisoma "moja mara tatu", tena tunaongeza "kutwa". Babu mmoja, fundi seremala, mtu wa vipimo kuliko hata mimi, aliichukua hesabu kama alivyofundishwa: moja mara tatu ni tatu. Akameza vitatu kwa mpigo asubuhi akaendelea na randa yake.

Dawa mseto ya malaria ndiyo inayonitoa jasho. Mtu mzima anameza vidonge 4, halafu 4 baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla 24. Akija dirishani saa 8 mchana, jaribu wewe kumweleza kwamba dozi ya pili ni baada ya saa 8 na hiyo ni saa 4 usiku. Na hilo "mtu mzima" lenyewe! Kuna kijana nilimwambia hivyo, "mtu mzima vidonge vinne", akanitazama akauliza, "Na mgonjwa je?" Nilicheka hadi nikakaa chini, kisha nikaona kijana ana haki. Kuku mzima hajakatwa. Mtu mzima amekua. Mzima hajafa. U mzima? Huumwi. Neno moja limebeba umri, afya, uhai na ukamilifu, na mimi nikamrushia mtu mwenye homa ya nyuzi 39 nikitarajia achague maana ninayoitaka mimi.

Vipimo navyo. Ukisema kijiko, kijiko kipi? Cha chai ni mililita 5, cha chakula ni 15, na kile kinacholala kwenye sufuria ya maharage sijui ni ngapi. Kwa mtoto, kukosea kijiko ni kumpa dozi mara tatu. Siku hizi simwachii mtu aende na neno kijiko peke yake. Kama chupa haina kikombe chake nampa bomba la sindano bila sindano, nalichora mstari kwa kalamu: "Vuta hadi hapa."

Maji ya kumpa anayeharisha ni vilevile. Pakiti nyingi za unga wake tulizo nazo ni za kuchanganya na maji lita 1. Nikisema "changanya kwenye chupa kubwa ya maji" nimeharibu, maana chupa kubwa kwa watu wengi ni ya lita 1.5. Na ukikosa pakiti, ile ya nyumbani ni maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Kijiko kisiwe na mlima! Pitisha mgongo wa kisu juu yake kiwe sawasawa. Chumvi ikizidi unamuumiza mtoto.

Mwili sasa. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mzee mmoja ameshika kati ya mbavu, chini kidogo ya kifua. "Mwanangu, chembe ya moyo inaniuma." Mimi niliposikia moyo tu nikaanza kumtafutia bajaji ya hospitali. Mzee ananishangaa. Wenyeji mnajua chembe ya moyo si moyo, ni pale juu ya tumbo, penye shimo. Kilichokuwa kinamsumbua ni kiungulia na pilipili ya jana yake. Lakini msinielewe vibaya: maumivu ya moyo wenyewe yanaweza kujionyesha hapohapo, kwa hiyo siku hizi sikimbilii bajaji wala sikimbilii dawa ya kiungulia. Nauliza kwanza: yanapanda kwenye taya? Mkono wa kushoto? Jasho jembamba? Unapumua vizuri?

Neno mshipa ndilo limechoka kuliko yote. Mshipa wa damu ni mshipa. Ule unaokaza shingoni ukilala vibaya, mshipa. Wa fahamu, mshipa. Na mwanaume akikuinamia dirishani kwa sauti ya chini akasema "nina mshipa", huyo hana tatizo la shingo, anazungumzia ngiri au busha. Umri wake na sauti yake ndivyo vinavyokupa maana.

Na la mwisho nililotaka kulisema leo ni hili la ki-. Kiswahili chetu kinapunguza kitu kwa kukibandika ki- tu mbele, na wagonjwa, hasa wanaume, wanaitumia kujificha. "Nina kijidonda." "Vijihoma tu vya jioni." "Kijiuvimbe hapa." Alikuja dereva mmoja wa lori akataka poda ya "kijidonda kidogo cha mguuni". Nikamwomba akunje suruali. Wakuu, lile lilikuwa donda. Chini ya wayo, limetoboka, linanuka, na yeye hana maumivu kabisa, ndiyo maana aliliita kijidonda. Sikumuuzia poda. Nilimpima sukari palepale, kipimo kikasoma 19 (milimoli kwa lita, juu mno), nikamwandikia aende hospitali siku ileile. Sasa nikisikia ki- na kidogo vimekaa pamoja, nasema, "Hebu nione."

Nawasilisha. Ongezeni ya kwenu.

Kiti cha Nyuma

Nimekaa hapa, ngoja wajuzi waje.

Chaki Nyeupe

Mleta mada, mimi ni mwalimu wa Kiswahili na kweli nilikuwa nimeshika fimbo. Masaa hapana. Saa ipo kwenye ngeli ya I-ZI: saa hii, saa hizi. Ukiruhusu masaa leo, kesho utaniletea madawa. (Najua mshaleta.)

Ila kisa cha yule mama kimeninyima usingizi wa mchana. Nitarudi.

Nesi wa Kliniki

Mkuu umenigusa. Mimi nipo kliniki ya mama na mtoto, huku Morogoro vijijini. Neno linalonitesa ni damu. Tunampima mjamzito wingi wa damu, tunamwambia "damu yako ni 7". Kuna baba mmoja alimsindikiza mkewe, aliposikia 7 akapumua: "Afadhali, nilidhani ni mbili tatu." Alidhani ni chupa! Ni gramu 7 kwa kila desilita, na mjamzito akiwa chini ya 11 tayari tunasema ana upungufu, chini ya 7 ni hatari kabisa. Namba bila kipimo ni namba tu. Siku hizi nachora mstari ukutani, 11 nimeiweka juu kabisa kama kizingiti, namwonyesha mama yuko wapi chini yake.

Halafu unene. Bibi anamleta mjukuu, anajivuna: "Mwone alivyojaa mashavu." Na miguu imejaa. Nabonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba, nikitoa kidole kishimo kinabaki. Huyo hakujaa, amevimba, na ni njaa ndiyo iliyomvimbisha. Kujaa na kuvimba kwa macho ya bibi ni kitu kimoja, kwetu ni kurudi nyumbani au kulazwa. Wale wengine wa miezi 6 hadi miaka 5 tunawapima mzingo wa mkono, kati ya bega na kiwiko, kwa utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 nyekundu, hapo hadi 12.5 njano, zaidi ya hapo kijani. Utepe nao una siri yake, haupimi uvimbe. Mtoto anaweza kuwa kijani na kishimo kinabaki mguuni.

Na mkumbushe watu kuhusu kimeo. Mtoto akikohoa wiki mbili wanampeleka kwa mzee akamkate kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni. Wanaletwa kwetu wanatoka damu. Kikohozi kinatoka kifuani, kimeo hakina kesi.

Mkata Pumzi

Sasa nimeelewa kwa nini gari likinisumbua naambiwa nimeuziwa kimeo.

Swali kwa mleta mada: kitambi ni ki- ya kupunguza au?

Mtoa Dawa

Mkata Pumzi, kitambi kwa kawaida ni ki-vi. Chako nilichokiona kwenye ule uzi wa picha za nyama choma kilishahama ngeli zamani, hicho ni jitambi.

Nesi, asante. Hiyo ya kubonyeza unyayo naiandika.

Mzee wa Forodhani

Salaam alaykum vijana. Mnasema vipimo bila kusema kwamba mwili wenyewe ndio ulikuwa futi yetu. Marehemu bibi yangu hapa Unguja hakuwahi kushika rula. Shibiri ni toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja umekikunjua. Shibiri mbili ni mkono mmoja, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono miwili ni wari. Wari mbili ni pima, yaani mikono yote umeinyoosha kama unataka kumkumbatia mtu. Kwa chakula: tonge la mkono, funda la maji, ukufi wa mchele ukijaza kiganja, konzi ukifumba ngumi.

Vijana mnaimba haba na haba hujaza kibaba na hamjawahi kukiona kibaba! Vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi. Pishi mnayo hadi leo, kila Ramadhani ikiisha mnaitoa fitra, mkiipima kwa kilo.

Jambo jengine. Zamani kwetu mtu haambiwi "anaumwa". Huambiwa "hawezi". Ukimuuliza mtu habari ya fulani akakwambia "hawezi", usimjibu "hawezi nini?" kama alivyofanya mjukuu wangu wa Dar. Hawezi, basi. Yu mgonjwa.

Chaki Nyeupe

Shikamoo mzee. "Hawezi" hiyo nimeikuta kwenye kamusi za zamani, sikujua kuna anayeishi nayo.

Nafasiri kwa Simu

Habari zenu wakuu. Mimi nipo Louisville, Kentucky. Huku kuna Wakongomani wengi waliokuja kama wakimbizi, na kazi yangu ni kuwakalimania hospitali, mara nyingi kwa simu. Maana yake mgonjwa simwoni.

Mgonjwa anasema "mukono inaniuma". Daktari anataka kujua: kiganja, au kuanzia kifundo cha mkono kwenda juu? Kiingereza kina maneno mawili tofauti hapo, na kwenye fomu yake visanduku ni viwili. Sisi mkono ni mkono, toka bega hadi kucha. Mguu vilevile, toka nyonga hadi kisigino. Hata kidole, sisi tunasema kidole halafu ndiyo tunasema cha wapi. Nilipoanza nilikuwa nakisia. Niliacha siku mama mmoja alipigwa picha ya mguu akarudi analalamika kwamba mahali panapouma hapakuguswa. Nilikuwa nimesema "mguu" kwa neno la Kiingereza la paja na goti, yeye alikuwa anasema wayo.

Sasa nauliza, "Ni juu ya kiwiko au chini ya kiwiko?" Na kiwiko wengine hawalijui, kila mji Kongo una neno lake, kwa hiyo nasema "pale mkono unapokunjikia". Inachukua sekunde kumi zaidi na daktari anahema kwenye simu. Ahemee tu.

Haja kubwa na haja ndogo zinaniokoa, hizo wengi wanazielewa. Ila kuna mzee niliyemwambia alete haja kubwa kwenye kikopo, akaniuliza: "Kubwa kiasi gani?"

Kiti cha Nyuma

Bado nipo. Huyu mzee wa kikopo ameniua.

Mama Wawili

Mimi si mtaalamu, ni mzazi. Naomba niseme upande wa mbele ya dirisha. Mnatucheka lakini ninyi mnasema haraka na mnaandika kama kuku. Nikiwa dukani nyuma yangu kuna watu sita, mtoto analia, unaniambia "hii moja mara mbili, hii moja mara tatu, hii ya kupaka, hii ukiona homa". Nikifika nyumbani zote ni nyeupe. Unadhani nitarudi kukuuliza? Nauli ya bodaboda ni 2,000 kwenda na 2,000 kurudi.

Na la aibu. Nilikuwa na tatizo huko chini. Dirishani kijana wa kiume, ananiuliza kwa sauti "tatizo lipo wapi?" Nikasema tumbo. Akanipa dawa ya minyoo. Tumbo ndilo neno tunalofichia kila kitu, kizazi, mkojo, siku zetu. Mwanamke mzima akija dirishani akasema tumbo akaangalia pembeni, muulize taratibu "tumbo la chakula au tumbo la uzazi?" Hapo atasema.

Mtoa Dawa

Mama Wawili, umenipiga na nimekubali. Hilo swali nimeshaliandika kwenye karatasi ya kaunta, na kuanzia kesho yule binti ninayefanya naye kazi ndiye atakaa mbele mchana, mimi nitahesabu vidonge nyuma. La kuandika kama kuku sina utetezi.

Chaki Nyeupe

Nimerudi kama nilivyoahidi. Mkuu, masaa bado nakukatalia, ila dawa ya yule mama nimeipata na ilikuwa ndani ya sarufi siku zote.

Sikiliza tofauti: "Saa nane imefika." "Saa nane zimepita." Umeona? Ile ya kwanza ni i-, saa moja tu, ile ya kwenye ukuta inayoitwa ya nane. Ya pili ni zi-, saa zenyewe nane, umezihesabu moja moja. Neno halibadiliki, kitenzi ndicho kinachokuambia. Lebo ya dawa haina kitenzi! "Kijiko 1 kila saa 8" imekatwa ulimi. Irudishie: "Mpe kijiko 1. Zikipita saa 8, mpe tena." Hakuna mtu aliyezaliwa na Kiswahili atakayesikia "zikipita" akatazama saa ya ukutani. Na masaa yako utayaacha kwa heshima.

Mzee wa Forodhani

Ahsante mwalimu. Hivyo ndivyo.

Mkata Pumzi

Mwalimu kaua. Uzi ufungwe.

Mtoa Dawa

Usifungwe kwanza. Mwalimu, jana niliikataa kichwani nikidhani ni ujuzi wa darasani. Leo mchana kaja dada mmoja, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, dawa ya maji. Nikaandika kama ulivyosema, kwa herufi za kusomeka (Mama Wawili nakuona). Nikampa, nikamwambia kijiko cha kwanza ampe hapahapa, ilikuwa saa 8 kasoro. Sikumweleza kitu kingine. Akaisoma kwa sauti: "Zikipita saa nane, mpe tena." Kisha akaanza kukunja vidole, tisa, kumi, kumi na moja, mkono wa kwanza ukaisha akahamia wa pili, akasimama kwenye kidole cha nane.

"Saa nne usiku," akasema. "Si atakuwa amelala?"

Nikamwambia amwamshe.